Msomaji wa Msusi

Wiki iliyopita nilikwenda Chang'ombe kuchukua meza ya kuandikia. Fundi alinipigia simu kwamba iko tayari, na wewe unawajua mafundi wetu: nilipofika ndiyo kwanza anaipiga msasa. Akaniomba nizunguke kidogo. Nikazunguka, na miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mtaa tulikopanga nilipokuwa mdogo. Nyumba bado ipo, ila kibaraza cha mbele kimezungushiwa nondo, na humo ndani dada mmoja anauza makava ya simu. Nikasimama nikijifanya nachagua kava. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta harufu ya mafuta ya nazi.

Maana hapo ndipo alipokuwa akikaa msusi, jirani yetu wa mlango wa pili, mama mnene mwenye sauti ya taratibu na vidole vyepesi. Mteja alikaa chini kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti ya msusi, na hapo hatoki mpaka jua ligeuke. Jumamosi walisubiriana, huyu anachambua mchele, yule ananyonyesha, na nyuma ya nyumba nyundo za watengeneza mageti zinagonga tangu asubuhi. Kichwa kikishikwa namna ile huwezi kujisomea chochote. Ndiyo maana wakanihitaji mimi.

Mzee wa duka la kona, Mwarabu ambaye ukoo wake ulikuwa ukiuza pale tangu kabla ya nyumba yetu kujengwa, alinipa magazeti ya wiki kabla hajayachana kufungia karanga. Humo mlikuwa na hadithi za mapenzi za kuendelea. Siku hizo nilisoma kila kilichoandikwa: vitabu visivyo na jalada vilivyozunguka mtaani mpaka vikalainika, hata karatasi za maelezo ya dawa. Lakini mapenzi ndiyo yaliyonikosesha raha na kunipa raha. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, nikawasomea, na wale akina mama wakanifundisha kazi ninayohangaika nayo mpaka leo.

Walinifundisha bila kujua. Mwanamume wa hadithini akizidisha maneno matamu, walicheka na kuniambia niruke. Msichana akilia ukurasa mzima, mmoja lazima angeuliza, huyu kwao hakuna vyombo vya kuosha? Msusi mwenyewe hakutia neno. Hadithi ikipoa, vidole vyake vilikwenda mbio. Ikikolea, vilipunguza mwendo. Na akiingia mama mkwe mwenye roho mbaya, mteja aliyekuwa chini alipiga ukelele kwa jinsi nywele zilivyovutwa. Sijapata mhariri mwingine kama yule.

Mama hakupendezwa. Alikuwa karani wa kiwandani, mtu wa bara, mtu wa kanisa. Baba alikuwa amekwenda migodini akisema atatuita, na hakutuita. Kwa mama, mapenzi ya magazetini yalikuwa uongo uliopigwa chapa. Siku moja tukiwa jikoni nilimwambia kwamba nikikua nitaandika riwaya za mapenzi. Akanijibu bila kugeuka kwamba niandike nitakavyo, ila nyumbani kwake hakuna atakayezisoma. Iliniuma sana. Nikaapa kwamba ipo siku nitaandika moja ambayo hata yeye ataiamini, na kiapo hicho sijakivunja wala sijakitimiza.

Sasa, palikuwa na mwalimu wa chekechea, mpangaji mwenzetu, aliyekuwa anakaribia kuolewa. Jumamosi ya sherehe ya kuagwa kwao alikuja mapema asukwe mtindo wa kupanda juu, wenye shanga. Kwa bahati mbaya hadithi nayo ilikuwa imefika pabaya: gari limepinduka, mchumba hajulikani alipo. Nikasoma. Hata mwenye mchele akaacha kuchambua. Nilipofika pale msichana anapokabidhiwa shati la mchumba wake, msusi alikuwa anajifuta machozi kwa kiwiko huku vidole vikijiendea vyenyewe. Nikainua macho. Nusu ya kichwa cha bibi harusi ilikuwa imesukwa twende kilioni, ile mistari ya harakaharaka ya kurudi nyuma ambayo wanawake husukana wakiwahi msibani.

Hakuna aliyecheka. Mashangazi wa bibi harusi walisema huo ni mkosi, na kelele zao zikamtoa mama ndani. Akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akasema kusoma barazani kumekwisha na gazeti lolote lisivuke mlango wake. Nililia sana, na si kwa sababu ya kugombezwa. Niliona mambo yangu yote yameishia pale.

Haukupita muda, hodi. Alikuwa mwalimu, kanga begani, gazeti mkononi, nusu ya nywele zimefumuliwa na kusimama wima. Mama akaanza kumwomba radhi. Mwalimu akampa shikamoo yake vizuri, kisha akasema, "Mama, mie sijaja kulalamika. Naomba mtoto animalizie. Siwezi kwenda kuagwa na sijui kama yule kaka yuko hai."

Mama aliwaheshimu sana walimu. Akaniamuru nisome hapohapo mlangoni, na yeye asikie hicho kinachowatoa watu akili. Nikasoma kwa sauti iliyojaa kamasi, naye akaendelea kupiga pasi akiwa ametugeuzia mgongo. Mchumba alikuwa hai, amelazwa hospitali ya mji wa mbali. Mwalimu akashusha pumzi, akashukuru, akarudi kwa msusi kusukwa upya.

Mama akaiweka pasi pembeni. "Muda wote huo," aliniuliza, "kwa nini hakutuma hata salamu?"

Mwandishi hakuandika sababu, na mimi wala sikuwa nimeona kwamba inahitajika. Jumamosi iliyofuata nilipita mbele yake na gazeti mkononi, naye akaendelea kupiga pasi.

Msusi alishafariki. Magazeti yale hayapo tena, na duka la kona limekuwa duka la dawa. Watu bado wanapenda hadithi za mapenzi kuliko wanavyokiri, ila kila mmoja anasoma peke yake kwenye simu yake, kimya, na mwandishi hajui ni wapi wamecheka na wapi wamechoka naye. Hicho ndicho ninachokikosa kuliko vyote: kukatizwa na watu wanaokutakia mema. Wachapishaji wameirudisha riwaya yangu. Mmoja aliniambia kwa upole kwamba mapenzi hayaingii mashuleni, na asiyeuza mashuleni hauzi. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani Tabata, nikaifungua kuanzia sura ya kwanza. Sitaiacha.

Tunakaa pamoja, mimi na mama. Macho yake hayashiki tena herufi ndogo, kwa hiyo Jumapili baada ya ibada ananiuliza nimefika wapi, na mimi namsomea. Ndiyo, yeye. Mwezi uliopita nilimsomea sura ambayo mume anarudi baada ya miaka mingi na kusimama mlangoni kwa mkewe. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Huyu asirudi," akasema.

Nikamweleza kwamba lazima arudi, maana riwaya yote inaelekea hapo, na bila yeye kurudi sina kitabu. Akafumba macho, nikadhani amesinzia.

"Basi mwandike mpaka nimsamehe."

Tangu siku hiyo nimeiandika sura ile upya, nikamsomea, nikaiandika tena. Jana alitikisa kichwa, akaniambia bado. Kesho alfajiri, kabla ya kwenda kazini, naanza tena.