Virusi vya Chupa ya Chai

Kompyuta ya ofisini kwetu Kibaha ni ya zamani, na katibu muhtasi ameifunika kitambaa cha kufuma, kama makochi ya kwake Kisarawe. Kitambaa kinashuka hadi kwenye kibodi, na juu yake alianza kuweka chupa ya chai.

Asubuhi moja tuliiwasha ikalia pii, pii, na kugoma. Bosi, ambaye hajawahi kuiwasha mwenyewe, alisema ni virusi. Mhasibu alilaumu umeme. Kikaitishwa kikao, na kikao kwetu hakianzi bila chai. Chupa ikaondolewa ipitishwe kwa watu, mhasibu akajaribu tena, mashine ikawaka.

"Mnaona?" bosi akasema. "Tukikaa pamoja mambo yanakwenda."

Chai ilipokwisha, chupa ikarudi mahali pake. Kesho yake mashine ikalia tena, tukakaa tena, tukanywa tena. Wiki nzima tuliiponya kompyuta kwa vikao.

Mwishowe uvumilivu ulinishinda. Nilifunua kitambaa, nikawaonyesha jinsi chupa inavyokandamiza vitufe, na kwamba mashine hii ikikuta kitufe kimebanwa haiwaki. Wenzangu wakageuza macho pembeni, kana kwamba nimemvua mtu nguo hadharani. Katibu muhtasi alikitandaza upya kitambaa chake, akaniambia, "Sawa, mtaalamu."

Siku hizi kompyuta inawaka vizuri. Chupa imehamia kwenye printa, pale karatasi zinapotokea, na jana bosi alitutangazia kwamba virusi vimehamia huko.