Mithika, Aliyekuwa Akicheza Tu

Mithika wa Timau ni mrefu kupita kiasi, na hilo si kosa lake. Akiwa shule ya upili aligonga kichwa kwenye kila mlango, mpaka mwalimu mmoja akamwonea huruma akampa mpira wa kikapu. Kutoka hapo alichukuliwa na timu ya benki moja Nairobi, kisha Misri, kisha Rwanda, akilipwa mshahara mzuri kwa kutumbukiza mpira kwenye ringi. Magazeti yalimpiga picha. Alipata kila kitu isipokuwa kimoja: mama yake hakukubali kwamba ile ni kazi.

Karambu, mama yake, husuka viondo, vile vikapu vya katani. Akina mama wa kanisa wakimuuliza mwanawe anafanya nini huko Misri, alijibu, "Anacheza." Wakimbana kidogo aliongeza, "Bado hajapata kazi." Jamani! Mwanamume mzima, ndevu zote hizo, anasomesha wadogo zake kwa huo mpira, na bado hajapata. Mithika alipohadithiwa kwa simu alicheka sana, kisha akakaa kitandani bila kuwasha taa. Yalimuuma.

Halafu goti likakataa. Daktari wa timu akalitazama, akamtazama mwenyewe, akamshauri arudi kwao akapande kitu. Mithika akarudi Timau akapanda viazi. Jioni hufunza vijana kwenye uwanja wa saruji karibu na soko, ambao msimu wa mavuno hauchezeki kwa sababu watu wameanika mahindi. Kanisa humwita balbu zikiungua.

Mwaka huu wachezaji wenzake wa zamani wakasema wanakuja kucheza naye mechi ya kumuaga, maana alistaafu bila kuagwa na mtu. Mithika akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, Jumamosi njoo unione. Mara moja tu. Hili goti halitanipa nyingine."

"Nitaona," akasema Karambu, akapuliza moto.

Ijumaa Karambu akapita uwanjani kutafuta mahali pa kuweka kiti chake. Akainua macho. Nyavu zote mbili zilikuwa zinaning'inia wazi, hazina kitako. Sasa, mtu aliyesuka viondo maisha yake yote hawezi kuona jambo kama hilo kisha aende zake nyumbani akanywe chai.

"Naftaly," akamwambia mlinzi wa uwanja, "vitu vya watoto vinaharibika hivi na wewe unaangalia tu?"

Naftaly si mtu wa kubishana na mama wa mwenzake. Akaleta ngazi, akaishika. Karambu akapanda na sindano na katani, akashona vitako viwili vya kubeba gunia la viazi.

Jumamosi watu walijaa. Mithika akapewa mpira wa kwanza, akaruka kwa ule mguu mzima, akarusha. Mpira ukaingia vizuri kabisa, ukakaa humo.

Wachezaji wakatazama juu. Refa akapuliza filimbi, labda kwa mazoea. Kisha uwanja mzima ukaangua kicheko, ila Karambu, aliyesimama peke yake akipiga makofi. "Haujaanguka!" akasema. "Umeona? Haujaanguka!"

Mithika akautambua ule mshono. Refa, mtu wa kufuata sheria, akatangaza kwamba mpira ukibaki ndani ya kikapu ni pointi, kisha akaitisha kisu.

"Kisu cha nini?" Mithika akamkatiza. "Lete ngazi."

Basi mechi ikachezwa hivyo hivyo. Kila bao, Naftaly alipanda akatoa mpira, akashuka, akahamisha ngazi. Ilichukua mchana kutwa. Timu ya Mithika ilifungwa, na mwishowe yeye mwenyewe akachechemea hadi kwenye kiti cha mama yake, jezi imelowa chapa.

Karambu akalishika lile goti lililovimba. "Ulikuwa unatoka jasho hivi kila siku?"

"Kila siku, Mama."

"Na huko Misri nani alikuwa anakushonea?"

"Hakuna mtu."

"Kazi yote hiyo," akasema Karambu, "na huna mtu." Akalia waziwazi mbele ya wageni, mkono wake ungali gotini. Mithika akataka kumwambia kwamba nyavu huachwa wazi, ndivyo zilivyo dunia nzima. Akashindwa. Akamwambia, "Asante, Mama."