Kichwa cha Babu

Juzi nilimkuta binti yangu amekwama kwenye mstari wa kwanza wa kitabu, kidole kimeganda juu ya neno moja, na papo hapo nikasikia harufu ya dagaa.

Mchana mmoja wa utoto wangu, nyumbani kwetu Pasiansi, karibu na ziwa, baba alinifungia chumbani nisitoke mpaka nisome ukurasa mzima. Dagaa walikuwa wameanikwa chini ya dirisha, na kelele za wenzangu wakiogelea zilinifikia kutoka ziwani. Herufi zilihamahama kama sisimizi.

"Mfungulie," shangazi alimwambia baba nje ya mlango. "Umempa jina la baba yetu, unategemea nini? Mzee naye kusoma kulimshinda."

Nilielewa kwamba kichwa cha babu kilikuja pamoja na jina lake. Nikagonga mlango.

"Baba, naomba unipe jina lingine."

Ufunguo haukugeuka mpaka giza lilipoingia.

Siku hizi najua jina halina kosa. Hata hivyo, binti yangu alipozaliwa nilimtafutia jina ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuitwa.

Juzi nilikaa kando yake, mlango nikauacha wazi, tukaanza kusoma pamoja. Tukakwama sote wawili kwenye neno lile lile.