Mvua Isiyo na Vyura

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na Kisaka nzima ikapanda mahindi. Nchagwa peke yake hakupanda, kwa sababu mama yake alikataa.

"Hii ni mvua ya kupita, baba," alisema mama huyo, Boke, kikongwe asiyeona tena. "Vyura wa kule bondeni hawajalia. Hao hawajawahi kunidanganya."

Nchagwa akainamisha uso, ingawa mama hakuweza kumwona. Mwaka jana yeye mwenyewe alichimba mtaro, akakausha kinamasi cha kule bondeni ili alime vitunguu, na vyura wakapotea. Mama hakuambiwa.

Asubuhi iliyofuata Nchagwa, mtu mzima na mvi zake, akachukua mbegu na jembe, akaenda kupanda shamba lake mwenyewe kwa kunyata, mama asimsikie.