Tulivyowapita Getini, Minto

Kosa letu lilianzia kwenye kundi la WhatsApp la maombi. Mwenzetu mmoja, kwa ukarimu wake wa kupitiliza, alimwingiza humo msimamizi wa kiwanda cha kufungasha kuku kule Minto, hapa Sydney, eti ni mzungu mwema, anatupenda. Jamani, kundi la maombi! Tangu siku hiyo tukiwa tunamwombea mgonjwa, linaingia tangazo la shifti, na watu wanajibu, "Amina, nipo."

Alhamisi moja akaomba watu ishirini wa kesho yake asubuhi. Dakika tano hazikuisha, ishirini wakatimia. Mimi nilikuwa wa tatu, na wa nne ni mdogo wangu wa kiume, nilimwandikisha mwenyewe, kwani alikuwa na miezi miwili tu nchini. Hakuna aliyeuliza wale wa kila siku wamekwenda wapi.

Walikuwa getini. Wamegoma, kisa wamefutiwa mapumziko ya chai. Na sisi, watoto tuliolelewa vizuri, tukawapita huku tunawasalimia mmoja mmoja, tena kwa tabasamu! Nikikumbuka nachoka kabisa. Wao waliona tunawadhihaki. Tulipotoka saa tisa, ikarushwa chupa, ikampasua mdogo wangu juu ya jicho. Aliyeirusha akatupigia kelele turudi Afrika.

Jumamosi nyumba yangu ya Macquarie Fields ikajaa watu wa kutoa pole. Kila anayeingia ni ubaguzi, ubaguzi. Haya, ni ubaguzi, nani kabisha? Yule bwana hakumrushia chupa bosi aliyefuta chai, alimrushia mweusi. Lakini hasira zangu zilikuwa juu yetu sisi wenyewe pia, na nikilisema hilo wananipa mgongo.

Binti yangu alikuwa mezani na kazi ya shule, kuhusu mji mmoja wa Marekani enzi viwanda vinaanza. Akanieleza kwa Kiingereza chake, kama kawaida: weusi walinyimwa kazi za viwandani, ila wazungu wakigoma, matajiri wanawaingiza haohao weusi kushika nafasi zao. Baadaye zikachomwa nyumba za weusi. Za matajiri hazikuguswa.

"Hao weusi walijua kuna mgomo?" nikamwuliza.

"Wengine hawakuambiwa. Nyie mliambiwa?"

Nikamwambia aondoe vitabu vyake, wageni wanataka kula. Hatukuambiwa, ni kweli, lakini macho tulikuwa nayo.

Jumapili baada ya ibada tangazo likaja tena. Nikaandika kundini kwamba tusiende, nikaeleza na sababu. Nikajibiwa kwa vipicha vya mikono ya kuomba, basi. Nikamgeukia mdogo wangu, nikamsihi abaki nyumbani.

"Dada, wewe una miaka tisa hapa, una karatasi zako," akasema. "Mimi nikikataa mara moja, nani ataniita tena?"

Nilikasirika, nikamwachia chumba.

Jumatatu nikaenda kusimama na waliogoma. Hawakunifukuza, wala hawakunikaribisha. Gari la kiwanda lenye watu wa shifti likafika, mdogo wangu akashuka na bandeji yake usoni. Yule wa chupa, hatua mbili tu kutoka nilipo, akaanza kumzomea. Nikamshika bwana huyo mkono kwa nguvu.

"Yule ni mdogo wangu, tumbo moja!"

Akanitazama, akatazama ile bandeji. Kisha akaniuliza, bila hata ukali, "Sasa mbona humzuii?"

Mdogo wangu alikuwa ameshaingia ndani.