Mavyaa Wangu na Nguruwe wa Mwera

Mume wangu alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo pale Tanga, na tangu tuoane kazi yake ilikuwa ng'ombe: kuwachanja, kuwaogesha dawa ya kupe, kukagua nyama machinjioni. Mavyaa wangu, mama yake, tulikaa naye nyumba moja Makorora, na kazi hiyo aliipenda kuliko mwenyewe aliyeifanya.

Siku moja mume wangu akarudi, akakaa barazani bila kuvua viatu. Akasema anahamishiwa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Huko kuna Mgiriki mwenye shamba la mkonge, mifugo yake inakwisha kwa homa, na daktari anataka kujua homa hiyo inatoka wapi.

"Ng'ombe wana homa gani?" mavyaa akauliza.

"Si ng'ombe, mama."

"Mbuzi?"

Akanitazama mimi, kana kwamba ningemsaidia. "Nguruwe," akasema.

Mavyaa hakupiga kelele. Aliinuka, akakusanya vikombe na sahani zake, akaenda kuviweka chini ya kitanda chake, mwanawe asije akavigusa. Ndipo tukajua mambo ni makubwa.

Mume wangu akamwendea mwalimu aliyemsomesha Kurani chuoni. Mwalimu akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Kilichoharamishwa ni kumla, mwanangu. Ukimgusa, osha mara saba, mojawapo kwa udongo, ukasali sala yako." Basi tukafunga mizigo, nami nikaenda naye.

Kule Mwera kazi yangu ikawa hiyo. Nyuma ya nyumba niliweka pipa la maji na ndoo ya udongo safi. Kila alasiri mume wangu alisimama uani, mikono mbele kama mtu anayepokea mtoto, nami nikimwagia na kuhesabu. Alikuwa akinichekesha kwa makusudi, hesabu inapotea, tunaanza upya.

Aliyoyaona mazizini hayakuchekesha. Nguruwe alikuwa akila vizuri jana, leo masikio yamekuwa ya zambarau, hasimami, kesho mzoga. Dawa hakuna. Daktari, Mzungu mmoja mwembamba ambaye Kiswahili chake kilikuwa amri tupu, alishuku nguruwe wa porini waliokuja kujisugua kwenye ua. Alitaka damu yao akaipime. Ila wa porini ni wajanja, na yeye hakuwa amepata hata mmoja.

Hapo ndipo mavyaa alipokuja. Alivuka kwa pantoni, akafikia kwa mdogo wake aliyekuwa na shamba la muhogo palepale Mwera. Salamu zilizotangulia zilisema amekuja kumchukua mwanawe.

Asubuhi yake nilimwona anakuja mbio, khanga kaifunga kiunoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku akisimama mbali na pipa letu.

"Wamelichimbua shamba la mdogo wangu lote!" akasema. "Hawakubakisha hata shina! Mume wako yuko wapi?"

Mume wangu akatoka.

"Huyo Mzungu wako anawataka wa porini?"

"Anawataka sana, mama."

"Wangapi?"

"Wowote atakaowapata."

"Basi mwambie aje kesho. Na bunduki aje nayo."

Kumbe kijiji kizima kilikuwa kikiulilia muhogo wake. Kulipopambazuka wanaume walikuwa wamekwisha kutega nyavu kando ya kichaka, na sisi wanawake tukaingia upande wa pili na madebe. Mavyaa alikuwa mbele yetu sote, akilipiga debe lake kama anayefukuza deni. Mara kichaka kikapasuka, nguruwe wakatoka kwa kishindo, mmoja akampitia daktari miguuni akamwangusha chali. Akainuka na tope hadi kwenye nyusi, anacheka, akitoa amri zake zote kwa pamoja: "Leta! Simama! Piga! Kaa!"

Wakauawa kadhaa. Mume wangu akapiga magoti, akavuta damu kwa sindano, akaitia katika vichupa, na vichupa akavipanga ndani ya chupa kubwa ya chai iliyojaa barafu ya Mgiriki. Mavyaa alijiziba pua kwa khanga, lakini hakuondoka.

"Anatafuta nini humo?" akaninong'oneza.

"Homa, mama."

"Mbona hawa walikuwa wazima? Hukuona wanavyokimbia?"

Majibu yalichukua muda kurudi. Mume wangu alitusomea akiwa amesimama: wa porini wanaibeba homa ile katika damu, na wao wenyewe hawaugui.

"Kama mtu wa kijicho," mavyaa akasema. "Yeye hula na kulala vizuri, jirani ndiye anayekonda."

Mgiriki akajenga ua wa safu mbili, wenye nafasi katikati, ili wa nje asimfikie wa ndani hata kwa pua. Kuwalisha makombo ya jikoni nako akakupiga marufuku, maana homa ile hukaa hata katika nyama. Nguruwe wapya walioletwa wakavuka masika wote wazima, na daktari akaja kutupa mkono wa pongezi, hata mimi.

Mavyaa hakurudi Makorora mwaka ule. Alikaa kwa mdogo wake mpaka muhogo mpya ukakomaa, kisha akakaa tena kwa kuwa mimi nilikuwa mjamzito. Nilipojifungua, Mgiriki alimwuliza mume wangu mara tatu kama mbuzi anafaa, ndipo akatuletea beberu wa kuchinjwa akika ya mtoto, mnene, kamfunga utepe mwekundu shingoni. Mavyaa aliusimamia upishi wake tangu asubuhi, akawagawia majirani wote, na paja moja akaagiza apelekewe daktari.