Maua Sita na Jani la Isale

Ukitaka kumchelewesha Mama Theodora kwenda kuchuma kahawa, mpe neno jipya. Mama huyu wa Old Moshi anapenda maneno kama wenzake wanavyopenda umbea. Basi binti yake Kindness alipomleta mchumba, Radu, kijana wa Rumania aliyekuja kupanda Mlima akanogewa, ilikuwa sherehe jikoni kila siku.

"Kiberiti kwenu mnakiitaje, mwanangu?"

"Kibrit, mama."

"Na mgeni?"

"Musafir."

Theodora akaweka mwiko chini. "Si msafiri wetu huyo?"

Ndiye. Radu akamweleza kwamba maneno hayo asili yake ni Uarabuni. Huku yaliingilia pwani na wafanyabiashara. Kule Rumania yalifika na Waturuki. "Kumbe tulichota kisima kimoja," alisema Theodora, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Ila lililomkaa rohoni ni kuskra. Hilo, alisema Radu, ni la Warumi wa kale: ndivyo mama wa bwana harusi na mama wa bibi harusi wanavyoitana. "Lakini usilitangulize, mama. Ngoja mama yangu aridhie."

Na Mama Viorica hakuwa ameridhia. Ndoa ya mbali namna hiyo hakuitaka kabisa. Alikuwa anakuja kuona tu, kisha aseme ndiyo au hapana. Kindness alishakonda kwa wasiwasi.

Siku ya ugeni Theodora alikata waridi za uani kwake, akachagua sita zilizonona, akampokea nazo mgeni pale pale aliposhuka kwenye gari. Viorica alizipokea kwa tabasamu. Akazihesabu kwa kidole. Uso ukamshuka, akafanya ishara ya msalaba.

Radu akamnong'oneza Theodora, "Mama, nisamehe, nilisahau kukwambia. Kwetu aliye hai hupewa maua ya namba witiri. Ya shufwa ni ya kaburini."

Theodora akazitazama zile waridi. Yaani amempokea mkwe kwa maua ya msiba, na ndoa ya mtoto ndiyo hiyo inazikwa. Maskini, aliona aibu hadi masikio yakawaka. Lakini Mchagga akikosa anajua pa kukimbilia. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo, akachuma jani moja la isale, akalipiga fundo, akarudi nalo kwa mikono miwili, kichwa kakiinamisha.

"Mwambie hili ndilo neno letu la kuomba radhi. Anayeletewa isale hana ruhusa ya kubaki na kinyongo."

Radu akatafsiri. Viorica alilitazama lile jani lenye fundo, akalichomeka katikati ya waridi, akaanza kuhesabu upya, polepole, mdomo ukimcheza. Alipofika saba alicheka kicheko cha tumboni, akampa mwanawe maua ashike.

"Kuskra," alisema, akafungua mikono.

Kindness ndiye aliyetangulia kulia. Naye Theodora akaingia kwenye mikono ile, hatimaye akalitamka neno aliloambiwa asilitangulize.